Niliwaambia vijana Mei haina kimbunga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Barua yangu ni ndefu kidogo, lakini jambo lenyewe nimekaa nalo tangu kimbunga Hidaya cha Mei 2024 na kila nikilifupisha naona nimelificha.

Mimi ni nahodha mstaafu. Nimezaliwa Jibondo, nimekulia Kilindoni, kisiwani Mafia, na sasa nina miaka 71. Niliingia chomboni nikiwa mtoto wa kuteka maji ya ngama, yale yanayojaa chini ya chombo, nikawa baharia, nikawa serehangi, mkuu wa mabaharia, kisha nikashika usukani wa jahazi lililokuwa likipeleka nazi Dar es Salaam na kurudi na unga, sukari na mabati. Nimeacha kwa sababu ya macho. Nayataja haya ili msomaji ajue kwamba aliyesema maneno nitakayoyaeleza hakuwa mgeni wa bahari. Dikoni kwetu, pale vyombo vinapofikia, mpaka leo vijana wakitaka kutoka huja kuniuliza upepo.

Alhamisi ya tarehe 2 Mei 2024, baada ya sala ya alasiri, mpwa wangu alinikuta barazani. Siku za giza zilikuwa zinaingia. Kwa asiyejua maisha ya pwani, dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa, na hizo siku za giza ndizo mshahara wa mvuvi. Ukizikosa unangoja mwezi mzima. Tulikuwa siku za mwisho za Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mbalamwezi ikichomoza usiku wa manane tena imekonda, na vijana wanane walikwisha kujaza mafuta na barafu kwenye mashua. Walikuwa wanakwenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi, Okuza, kile kisiwa kidogo upande wa kusini kwetu, njia ya Songo Songo.

"Mjomba," aliniambia, "redio inasema kuna mgandamizo mdogo wa hewa mashariki ya Mtwara, na unaweza kuwa kimbunga. Tutoke au tusitoke?"

Niliinuka nikaangalia mawingu, nikaangalia vichwa vya minazi. Upepo ulikuwa kusi, yaani wa kutoka kusini; kaskazi ndio wa kutoka kaskazini. Nikamjibu: "Mjomba, kimbunga ni cha kaskazi, na kikija huishia Msumbiji. Hii ni Mei, na Mei haina kimbunga. Nendeni mkatafute riziki."

Wakaenda.

Sikuyasema kwa kiburi, Mhariri. Niliyasema kwa hesabu niliyofundishwa, na hesabu hiyo imetulisha sisi watu wa pwani kwa mamia ya miaka. Marehemu baba yangu alikuwa akihesabu siku za mwaka kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, kumi kumi, kila kumi anaita mwongo. Mwongo fulani ukiingia anajua kaskazi imeanza, mwongo fulani bahari inafunga, mwongo fulani vyombo vinashuka. Alijua Kilimia, lile kundi la nyota. Tulifundishwa tungali wadogo kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba mpaka Machi, halafu yanakuja maleleji, upepo haujui uende wapi, halafu Aprili kusi inaanza kujijenga, na kufika Juni na Julai inakuwa kali mpaka mashua ndogo hazitoki. Hatari ya kusi tunaijua. Ni upepo mkali lakini una adabu: unatoka upande mmoja, siku baada ya siku, na nahodha anaweza kupatana nao.

Kimbunga katika hesabu hiyo hakikuwa na mwongo wake. Kilikuwa hadithi. Wazee walitusimulia kile cha mwaka 1872, tarehe 15 Aprili, enzi za Sayyid Barghash, kilichovunja merikebu za Sultani bandarini Unguja na kung'oa mikarafuu na minazi kisiwa karibu kizima. Pemba ilisalimika, na kuanzia hapo karafuu zikawa za Pemba. Kisha kile cha Lindi, Aprili 1952. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini mama yangu alikuwa akihesabu umri wa watu kwa hicho: huyu kabla ya kimbunga cha Lindi, huyu baada yake. Angalia miaka hiyo. Kutoka 1872 hadi 1952 ni miaka 80. Kutoka 1952 hadi Hidaya ni miaka 72. Mtu angeweza kuzaliwa, kuvua, kuoa, kuzeeka na kuzikwa Mafia bila kuona hata kimoja, na akawafundisha wajukuu zake kwamba kwetu hakuna. Ndivyo nilivyofundishwa.

Halafu yakatokea mawili yaliyozidi kutupumbaza. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilikuja mpaka mlangoni. Mtwara watu waliambiwa wajihadhari, nacho kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25, wiki sita tu baada ya kimbunga Idai kuuvunja mji wa Beira hukohuko Msumbiji. Wenzetu wa huko waliumia sana. Sisi huku tukasema: mmeona, huishia Msumbiji. Aprili 2021 ikatangazwa Jobo, kwamba kinakuja upande wa Dar es Salaam. Kikanyong'onyea baharini kabla ya kufika. Dikoni kwetu siku ile watu walivuta mashua juu, wakapoteza usiku wao, na asubuhi palikuwa shwari. Maneno yaliyosemwa juu ya watabiri siku ile siwezi kuyaandika gazetini, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosema. Leo najua kwamba kimbunga kilichofia baharini hakikuwa uongo. Kilikuwepo, kikafa, na kufa kwake ilikuwa bahati yetu.

Sasa nirudi Mei.

Ijumaa tarehe 3 baada ya sala upepo uliongezeka, bado kusi. Mawimbi yakaanza kuwa mapana, moja linakaa, linachelewa, ndipo linakuja jingine. Hilo lilinigusa kidogo moyoni, kwa sababu mawimbi ya kusi huwa mafupi na ya haraka, na haya yalitoka upande wa matlai, yaani mashariki, na nafasi kati yake ilikuwa kubwa. Nikajiambia ni bahari ya nje tu. Mke wa mpwa wangu hakujiambia hivyo. Yeye hajawahi kupanda chombo zaidi ya kivuko cha kwenda Nyamisati, lakini alikuwa amepata kwenye simu picha ile inayopigwa kutoka angani, wingu jeupe limejiviringisha kama konokono, na jicho katikati. Akaja kunionyesha. Nilimwambia nini? Nilimwambia picha za simu si za kuamini. Akaondoka bila kunijibu, kwa heshima, akaenda kumpelekea mumewe ujumbe wa sauti. Akaurudia mara nyingi, maana Okuza mtandao haushikiki mpaka mtu asimame sehemu moja tu, na tena usiwe na wingu.

Ujumbe ulifika jioni, kijana mmoja alipokwenda pale mahali na simu yake. Aliyewaokoa wale vijana ni yule mwanamke na simu yake.

Walipousikia waligawanyika. Wengine walisema nahodha mzee amesema Mei haina kimbunga. Hilo mpwa wangu alinieleza baadaye akiwa anaangalia chini, na mpaka leo likinijia usiku silali tena. Lakini wakatazama yale mawimbi, wakang'oa nanga. Kurudi Kilindoni ingekuwa kupigana na bahari usiku, kwa hiyo wakakata kuelekea delta ya Rufiji, wakatafute mto wa kujificha kwenye mikoko. Hilo ndilo lililo sahihi na ndilo tulilowafundisha. Lakini kumbukeni mwaka ule. Rufiji ilikuwa imefurika tangu Aprili, vijiji vya Rufiji na Kibiti vilikuwa ndani ya maji, watu wamehama mashamba yao. Wale vijana waliingia mdomo wa mto wakakuta maji yanatoka kwa nguvu, pamoja na magogo, magugu, na hata mlango wa nyumba ya mtu. Upepo unawasukuma huku, mto unawasukuma kule. Walifunga amari tatu, zile kamba nene za nanga, mbili kwenye mikoko na moja kwenye mchu, mti mwingine wa huko mikokoni, na usiku kucha mtu mmoja alishika panga akae tayari kukata kamba ikiwa gogo kubwa litawajia.

Jumamosi tarehe 4 kimbunga kilifika kwetu. Sitaeleza sana, walioyaona wanayajua. Kusi ilivuma mpaka ikapita kiasi cha kusi. Kisha, na hapa ndipo miguu ilinilegea, upepo ukaanza kuzunguka. Ulitoka kusi ukaja matlai. Kusi ya Mei haizunguki. Nilikuwa nimekaa kizingitini, na ule upepo uliponigonga shavu la upande wa pili nilijua kwamba nimewatuma watoto wa watu wanane ndani ya kitu nisichokijua. Mnazi wa jirani ulianguka juu ya jiko letu. Mabati ya nyumba ya tatu yakaondoka pamoja na boriti zake. Mvua ilikuwa inakuja kwa vipande, inamwaga, inanyamaza, inamwaga.

Dada yangu, mama yake mpwa wangu, alikuja kwangu magharibi akiwa amelowa. Hakunilaumu hata neno. Alikaa na tasbihi yake pembeni ya taa mpaka alfajiri, na kila nilipofungua mdomo alisema tu, "Kaka, omba."

Tulipata sauti yao Jumapili baada ya adhuhuri, kwa simu ya mtu wa kijiji kimoja cha delta. Wazima wote wanane. Walipoteza nyavu, kidau, pipa la mafuta na taa zote, na deni la nyavu zile walilimaliza mwaka uliofuata. Siku hiyohiyo tulisikia barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara imekatika maeneo ya Somanga, maji yamebeba makalvati na tuta. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba Hidaya kimemalizika nguvu kilipoingia Mafia. Kilitufikia kikiwa kimepungua, Mhariri. Kile tulichokiona ni kimbunga kilichochoka. Tena bahari ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika maji mafu, siku ambazo maji hayajai sana. Kingekuja siku nne au tano baadaye, kingetukuta na bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo, na maji yangeingia mpaka ndani.

Miezi kadhaa baadaye alikuja dikoni kijana mmoja anayejua mambo ya hali ya hewa. Nilimuuliza swali langu moja tu: kwa nini upepo haukuniambia? Alichukua kafi akachora duara mchangani. Akasema upande wetu wa kusini mwa ikweta kimbunga huzunguka kama mshale wa saa. Kikiwa mashariki yako, wewe uko kwenye ubavu wake wa magharibi, na ubavu huo upepo unapanda kwenda kaskazini. Maana yake, wewe unauona unatoka kusi.

Nikakaa chini palepale mchangani.

Naomba msomaji alielewe hili, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Kimbunga kikija Januari, katikati ya kaskazi, kitabadilisha upepo wetu. Kusi ikivuma Januari hata mpishi wa chombo atauliza kuna nini. Watu watavuta vyombo bila kusubiri redio. Lakini kimbunga kikija Mei kinakuja kimevaa nguo za msimu. Kinaleta upepo uleule unaoutegemea, upande uleule, kinaongeza nguvu kidogo kidogo, na mzoefu ndiye wa kwanza kudanganyika. Mgeni asiyejua kusi wala kaskazi angeogopa. Mimi niliyejua nilisema ni kusi ya kawaida. Upepo ulikuwa kweli kusi. Kilichokuwa nyuma yake sikukiona.

Kijana yule alinieleza pia kwa nini zamani tulikuwa salama miezi hii. Kimbunga kinataka maji yenye joto la nyuzi 26 na nusu au zaidi, na joto lenyewe liwe limeshuka chini ya bahari, lisiwe la juu tu. Kinataka pia upepo wa juu angani usipishane sana na wa chini, ama sivyo kichwa cha wingu kinakatwa. Kusi ikikomaa huivuruga bahari, ikapoza maji, na pepo za juu zikakaa vibaya kwa kimbunga. Mwaka ule wa El Niño bahari yetu ilibaki na joto hata Mei, na kusi ilikuwa haijakomaa. Mlango haukuwa umefungwa bado. Akaongeza kwamba karibu sana na ikweta kimbunga hakipati mzunguko, lakini Mafia tuko karibu nyuzi 8 kusini mwake, na hapo kinaweza.

Kwa hesabu za wakubwa wa hali ya hewa, msimu wa vimbunga katika kona hii ya Bahari ya Hindi unaanza 15 Novemba na kwisha 30 Aprili, ila kwa Mauritius na Shelisheli unasogezwa mpaka 15 Mei. Majina hupangwa kwa alfabeti, na orodha mpya huanza kila 1 Julai. Hidaya ilikuwa herufi H ya orodha yake. Hatujamaliza hata kuezeka upya, mwezi uleule wa Mei ikaja Ialy, herufi I, ikatupita mbali kuelekea Kenya na Somalia. Vyote viwili baada ya 30 Aprili. Na upande wa pili wa msimu mambo ni hayohayo. Septemba 2022 ilitokea Ashley. Mwisho wa Septemba 2024, Ancha. Mwaka 2025 ilitokea Awo mwezi wa Agosti, Blossom mwezi wa Septemba, na Chenge Oktoba, kwa hiyo herufi tatu zilikwisha kutumika kabla hata ya siku ya kufungua msimu. Nyingi za hizo zilizaliwa mbali na hazikutugusa. Lakini Agosti! Agosti ni kusi yenyewe. Baba yangu angekisikia kimbunga cha Agosti angedhani anayesema ana homa.

Sisemi kalenda ya baba itupwe. Kwa kusafiria bado ni nzuri, Kilimia bado kinazama na kuzuka, na asiyejua maleleji atapoteza chombo siku yoyote. Ninachosema ni kwamba kalenda ile, na ya wakubwa vilevile, haiwezi tena kutumika kumwambia mtu asiogope. Nimesoma katika gazeti moja, silitaji, habari yenye kichwa cha kwamba msimu wa vimbunga umekwisha, wananchi waendelee na shughuli zao. Niliikata nikaiweka. Maneno yale ni yaleyale niliyoyasema mimi barazani, ila yangu yalisikiwa na watu wanane na yale yalisomwa nchi nzima.

Kwa hiyo Mhariri nina ombi kwako, nalo halina gharama kubwa. Weka habari za bahari kila siku, mwaka mzima, Juni hata Agosti, kwenye ukurasa wa nyuma. Nasema wa nyuma kwa sababu dikoni gazeti husomwa kuanzia nyuma, kwenye Simba na Yanga, na mara nyingi ukurasa wa mbele unakuwa umekwisha kufungia samaki kabla mtu hajaufikia. Pale nyuma hata asiyejua kusoma vizuri humuuliza mwenziwe. Na habari hizo ziandikwe kwa maneno ya watu wanaotoka. Tukiambiwa kimbunga kiko kilomita mia nne kusini mashariki mwa Mtwara, mvuvi wa Okuza hajui kama hiyo ni kesho au wiki ijayo. Aambiwe: usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi kusi itazidi, kisha itageuka matlai, usiwe nje, na kama uko dago ondoka kabla ya jua kuchwa Ijumaa. Aambiwe na mito iko vipi, maana kumpeleka mtu kwenye mikoko ya Rufiji mwaka wa mafuriko bila kumwambia mto umejaa ni kumtoa kwenye moto na kumtia kwenye moto mwingine. Wanaojua upepo na wanaojua mto wakae meza moja kabla ya tangazo kutoka.

Semina nilizowahi kuhudhuria mimi za usalama baharini zote zilifanyika karibu na kaskazi kuingia, na ikifika masika hakuna anayekuja tena. Waje na Aprili. Waje wakae na viongozi wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia pwani, lakini wakae na wake za wavuvi pia, kwa sababu huku kwetu mwanamume akiwa dago anayeshika simu yenye mtandao ni mwanamke. Sijawahi kuona semina ya bahari iliyowaita wao.

Na kwa manahodha wenzangu wazee, mlioko Kilwa, Mtwara, Bagamoyo, Pemba, Lamu: vijana watakuja kuwauliza kama walivyoniuliza. Wakija Aprili au Mei, na kusi inavuma, waulizeni mawimbi yanatoka wapi. Kusi ya kweli na mawimbi yake hutoka pamoja. Mkiona upepo unatoka kusi lakini bahari inatupa mawimbi mapana kutoka matlai, na mvua inakuja kwa vipande, msiwajibu kwa kalenda. Wavuteni juu.

Oktoba 2025 Chenge ilipotangazwa ilikuwa giza tena, dagaa wamejaa, na walikuja wale wale, pamoja na wengine. Mpwa wangu alisimama nyuma, hakuuliza yeye. Aliuliza kijana mdogo ambaye mwaka 2024 hakuwepo. Nilimwambia, "Mwanangu, sijui. Hii hesabu simo. Vuteni mashua tusubiri." Wakavuta. Chenge kikapungua nguvu kabla ya kufika pwani yetu, bahari ikachafuka tu kidogo, na walipoteza usiku nne. Mmoja wao, mwenye watoto watatu na nyavu za mkopo, alinijia barazani akasema kwa hasira kwamba nimemlia riziki yake. Sikumkatalia. Alikuwa na haki ya kukasirika na nilimwambia hivyo, nikampa unga kidogo niliokuwa nao ndani. Kisha nikamwambia kwamba mwakani akija na swali lile lile, mwezi wowote ule, jibu langu litakuwa lile lile.

Wako,
Nahodha mstaafu,
Kilindoni, Mafia